Samaki hawajahama: jibu kwa mvuvi wa Buchosa

"Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi wa sangara upande wa Buchosa, nina miaka 34. Nina mtumbwi mmoja, injini ya nguvu za farasi 15 niliyoikopea, nyavu za inchi 6 vipande 40, na vijana watatu. Miaka mitano nyuma nilikuwa napata kilo 60, usiku mbaya 40. Sasa kilo 18 ndiyo usiku mzuri, na theluthi yake wakala anaikataa kuwa ni fupi. Yeye ananunua kwa 7,000, hizo fupi nauza mwaloni kwa 4,000. Naenda usiku 20 kwa mwezi. Petroli ni lita 20 kila safari, lita kwa 3,000. Barafu na chakula 15,000. Kinachobaki tunagawana, nusu ya chombo nusu ya vijana. Rejesho la injini ni 400,000 kwa mwezi. Wazee wanasema samaki wamehamia Uganda, wengine wanasema ni vizimba vya kufugia samaki. Kuna tajiri yuko tayari kunipa nyavu za timba za inchi 3 bila hela, mradi nimuuzie yeye. Rafiki yangu ananishauri niingie dagaa. Mke wangu tayari anaanika dagaa kidogo pale mchangani. Nifanye nini? Halafu mwezi uliopita alfajiri tulikuta sangara wakubwa wanaelea wamekufa, watu wakawaokota. Ilikuwa sumu?"

Marahaba mwanangu, na pole na maji. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana umefanya jambo ambalo wavuvi wachache hulifanya: umeandika namba. Wengi huniambia "samaki wamekwisha", nikiwauliza mwaka jana walipata kilo ngapi, kimya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itatoka kwenye namba zako mwenyewe. Lakini kwanza tumalize hili la kuhama, kwa sababu mtu akishaamini samaki amehama, kinachofuata ni kuongeza petroli amfuate.

Niliwahi kukaa mwaloni upande wa Uganda, chini ya mwembe, na wazee wa kule. Unajua walikuwa wanalalamika nini? Kwamba sangara wote wamehamia Tanzania. Ziwa ni moja hili, kilomita za mraba kama 68,800. Asilimia 51 iko kwetu, 43 Uganda, 6 Kenya, na samaki hajui mpaka. Kama wa huku wangekuwa wamekwenda kule, wavuvi wa kule wangekuwa wanashiba. Hawashibi. Wanavuta nyavu nyepesi kama zako.

Ila wazee wako hawakuyatoa maneno hayo hewani. Kuhama kupo, tena kila mwaka, sema si kwa kuvuka mpaka. Ni kwa kupanda na kushuka.

Ziwa letu halina kina kirefu sana: wastani ni mita 40, na penye kina zaidi ya pote ni kama mita 80. Miezi ya joto jua linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na hayachanganyiki. Huko chini mwani uliokufa unashuka na kuoza, na kuoza huko kunamaliza hewa iliyomo majini. Hali hiyo kidogo ilikuwapo tangu zamani. Lakini kwa miongo mingi sasa udongo na mbolea ya mashambani, majivu ya moto wa mapori na maji machafu ya miji vimeulisha mwani huo kupita kiasi, ndiyo maana maji ambayo babu yako aliona jiwe chini yake leo ni ya kijani kama mlenda. Basi kuanzia kama Desemba hadi Machi au Aprili, sakafu ya ziwa kwenye kina inakuwa chumba kisicho na hewa. Na sangara ni katika samaki wasiovumilia kabisa kukosa hewa, si kama kamongo au kambale. Anapanda, anasogea penye hewa. Wewe unatega chini palepale ulipomzoea, nyavu inarudi na utelezi na harufu ya yai bovu, unasema samaki wamehama. Wamehama ghorofa tu. Ikifika Juni na Julai upepo wa kusini mashariki unapiga, maji ya juu yanapoa, ziwa linajikoroga lote mpaka chini, hewa inashuka, na samaki naye anashuka.

Jambo hili unaweza kulipima bila kumwomba mtu ruhusa. Chukua vipande 30 utege kama kawaida yako, vile 10 viongezee maboya vining'inie juu zaidi. Fanya hivyo wiki mbili, uandike kila upande umeleta nini. Nimeona mvuvi mmoja wa Ukerewe akipata karibu samaki wake wote wa Februari kwenye vipande vichache vya juu, na alikuwa ametega chini mwezi mzima kabla ya hapo.

Hilo linaeleza usiku mbaya wa msimu fulani. Kutoka kilo 60 hadi 18 ndani ya miaka mitano, hapana. Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mgawo. Nchi zetu tatu huhesabu wavuvi wa ziwa zima kila baada ya miaka michache. Mwaka 2000 walikuwa karibu 130,000, na mitumbwi kama 42,000. Kufikia 2012 wavuvi walishavuka 200,000. Sufuria ni ileile, walaji wameongezeka, na kila mmoja amekuja na nyavu ndefu kuliko za baba yake na injini ya kumfikisha asikofika baba yake. Hata kama sangara wangebaki kiasi kilekile majini, wewe ungepata kidogo.

La pili ni umri wa samaki, na hili ndilo naliogopa zaidi. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alikaa kimya kwa muda, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Alikuta samaki wadogo waitwao furu, wa aina zaidi ya 500, wengi hawapatikani popote pengine duniani, akawafyeka. Watu wa Mwanza wenye umri wangu wanakumbuka furu wanavyouzwa kwa sinia, kisha ghafla hawapo, na mahali pake yamekuja masangara ya kubebwa na watu wawili. Viwanda vya minofu vikafuata. Sasa nikuulize: je, siku hizi huoni furu wakirudi kwenye nyavu za dagaa? Wamerudi kiasi, aina chache. Furu akionekana tena, ujue anayemla amepungua. Kile kilichopungua ni wakubwa. Wadogo bado wapo, wengi tu, ila hawafiki ukubwa.

Angalia hesabu ya mwili wa samaki. Urefu ukiwa maradufu, uzito hauwi maradufu, unakuwa mara nane hivi, kwa kuwa anaongezeka urefu, upana na unene kwa pamoja. Sangara wa sentimita 30 ana kama gramu 300. Akifika 60 ana kama kilo mbili na nusu. Na jike la sangara huchelewa kukomaa kuliko dume. Wengi wanafika sentimita 60 bado hawajataga hata mara moja. Jike kubwa la mita moja linabeba mayai kwa mamilioni. Zamani samaki huyo alikuwa na bahati kidogo, kwa sababu kiwanda kilitaka minofu ya ukubwa wa wastani. Tangu bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, lianze kununuliwa kwa bei ya ajabu kwenda China na Hong Kong, jike kubwa ndilo linalotafutwa kuliko wote: bondo likiwa kubwa, bei ya kilo nayo inapanda. Kwa hiyo mama anavuliwa kwa ajili ya bondo na mtoto anavuliwa kwa timba.

Ndiyo, tumefika kwenye timba. Sitakudanganya: mwezi wa kwanza itakupa hela. Tuseme unaleta samaki mia moja wa gramu 300, ni kilo 30, kwa 4,000 ni 120,000. Usiku wako mzuri wa sasa unaleta 108,000. Timba imeshinda. Wanaokuambia nyavu ndogo "hazilipi" hawajawahi kudaiwa rejesho. Lakini samaki haohao mia moja, tuseme nusu wafe kwa mambo ya ziwa, hamsini wakifika sentimita 60 wangekuwa kilo 120 na zaidi, tena za kiwandani: 840,000. Shida, na hapa nakuelewa kabisa, ni kwamba huna hakika kuwa hao hamsini utawavua wewe. Ukiwaacha, jirani anawachota kesho. Mtu mmoja kuacha timba peke yake ni sadaka. Mwalo mzima kuacha ndiyo mpango, na hiyo ni kazi ya BMU yenu, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni. Kama BMU yenu inalala, au mwenyekiti wake ndiye mwenye timba (nimeyaona), semeni kwenye mkutano wa kijiji, msiseme kwenye kahawa.

Kwako wewe binafsi nina sababu nyingine tatu za kumkatalia tajiri huyo. Timba ni uzi mmoja wa plastiki, haushoneki. Baada ya miezi michache imekatika na unarudi kuomba nyingine. Pili, anayekupa nyavu bure amejilipa kwenye bei ya samaki: kilo atakayoinunua atakupangia bei anavyotaka, na deni lake halina tarehe ya kwisha. Tatu, ni haramu kisheria, sawa na kokoro (wavu wa kuburuta) na nyavu za sangara zilizo chini ya inchi 6. Waliokuwepo wakati wa Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu mwaka 2018, wanakumbuka moshi. Binafsi moshi ule sikuupenda, maana nyavu huchomwa mwaloni mbele ya mvuvi, aliyeziingiza nchini hayupo pale hata kushika pua. Lakini ndiyo hali: atakayekamatwa nazo majini ni wewe na vijana wako.

Tukiwa bado kwenye nyavu, kuna kitu kwenye barua yako kimenitia shaka. Nyavu ya inchi 6 ya kweli huacha wengi wa fupi wapite. Theluthi nzima ya mzigo wako iko chini ya sentimita 50. Hebu fanya hivi kesho kabla ya kutega. Lowesha nyavu, chagua jicho lolote, livute liwe refu kama mstari, upime kwa rula kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Pima macho kumi sehemu tofauti. Inchi 6 ni milimita 152. Nimepima nyavu zenye karatasi ya dukani inayosema 6, rula ikasema 5 na nusu, mwenyewe akaapa hakujua. Ikiwa zako ni hivyo, umelipia inchi 6 ukauziwa kesi, maana hao fupi unaowauza kwa 4,000 nao sheria haiwaruhusu, chini ya sentimita 50. Angalia pia kama zimelegea; nyavu iliyolegea haimnasi samaki kwa shingo, inamzonga, na inazonga hata mdogo.

Sasa daftari lako. Kilo 12 kwa 7,000 ni 84,000, kilo 6 kwa 4,000 ni 24,000, jumla 108,000. Toa petroli 60,000, toa barafu na chakula 15,000, inabaki 33,000. Nusu ya chombo ni 16,500. Vijana kila mmoja 5,500 kwa usiku mzima wa baridi. Mara siku 20, chombo kinaingiza 330,000. Rejesho ni 400,000. Yaani hata kama kila usiku ungekuwa usiku mzuri, mwisho wa mwezi umepungukiwa 70,000, na hapo hakuna nyavu iliyochanika wala iliyoibiwa.

Umeiona shida ilipo? Zaidi ya nusu ya samaki wako wanakwenda kwenye tangi la petroli. Sasa tushushe lita kutoka 20 hadi 12 bila kuongeza samaki hata mmoja. Zinaokolewa 24,000 kila usiku, kinachobaki kinakuwa 57,000, chombo 28,500, kwa mwezi 570,000. Rejesho limelipwa na 170,000 imebaki, na kijana anaondoka na 9,500 badala ya 5,500. Ili upate nafuu hiyohiyo kwa samaki ungehitaji kuongeza karibu kilo tatu na nusu za sangara wa kiwanda kila usiku unaoingia majini, kutoka kwenye ziwa ambalo halitoi.

Lita nane zinapatikanaje? Njia ya kwanza watu wa visiwani wanaijua: mitumbwi miwili, injini moja. Mnavutana hadi mnakotega, mnagawana petroli, kesho zamu ya injini ya mwenzako. Hii inataka jirani mnayeaminiana, na inasaidia hata dhidi ya wezi wa nyavu, kwa kuwa mko wawili. Ya pili, punguza mwendo. Injini ikikamuliwa hadi mwisho inakunywa petroli kuliko mwendo inaokupa. Ukiishusha kidogo unachelewa dakika chache tu. Ya tatu, sugua mwani tumboni mwa mtumbwi. Ya nne itakuchekesha: tanga. Ukerewe wapo wanaotoka na tanga hadi leo, upepo wa usiku unawatoa na upepo wa mchana unawarudisha, injini ni ya dharura. Vijana wanaona aibu. Mimi sioni aibu ya kitu kinachobakiza 20,000 mfukoni.

Na kuna safari za kuacha kabisa. Nunua daftari la kurasa nyingi. Kila safari andika tarehe, mwezi ulivyo (giza au mbalamwezi), ulitega wapi, kina cha kamba, idadi ya samaki, kilo za kiwanda, kilo fupi, lita za petroli. Mistari miwili inatosha. Baada ya miezi miwili tafuta safari ambazo samaki hawakulipa hata petroli. Mara nyingi zinafanana: sehemu ileile, au mbalamwezi ileile. Usiku nne za namna hiyo ukizifuta, umeokoa 300,000 za petroli na chakula na ulichopoteza ni samaki wasiofikia hata bei ya petroli. Na ukienda kuongea na aliyekukopesha injini, daftari hilo lina uzito kuliko kilio. Nenda mapema, kabla rejesho halijachelewa, uombe upunguziwe kiasi na muda uongezwe. Ukienda baada ya kushindwa miezi mitatu unaongea na dalali.

Dagaa. Rafiki yako ana hoja. Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza sasa kwenye samaki wanaotolewa ziwani, na maumbile yake ni tofauti na sangara: anakomaa haraka na kuzaa haraka, maisha yake ni mafupi, kwa hiyo ukimvua kwa nyavu halali anajaza pengo upesi. Lakini kuingia dagaa ni kununua nyavu nyingine, taa za sola, na vijana waliozoea kazi ya taa, halafu unavua usiku wa giza tu. Mbalamwezi unalala nyumbani kwa kuwa taa yako haishindani na mwezi. Ukiwa na rejesho la 400,000 mgongoni, sikushauri ubebe mkopo wa pili mwaka huu.

Mke wako je? Umemtaja kwa maneno machache, "anaanika kidogo pale mchangani", ukapita. Ungerudi hapo. Kwa kawaida kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi zinatoa kilo moja mkavu, na kilo hiyo moja ina bei mbili: ya chakula cha watu na ya chakula cha kuku. Kinachotenganisha bei hizo mbili ni mchanga. Nenda Mwaloni Kirumba uangalie wanunuzi wa mzigo wa Kongo wanavyofanya. Anaingiza mkono ndani kabisa ya gunia, si juu, anatoa konzi, anaipuliza, anairusha juu kidogo isikike inavyoanguka, kisha anatia dagaa wawili mdomoni, anatafuna polepole akikuangalia usoni. Meno yakikwaruza, mazungumzo ya bei yamekwisha kabla hayajaanza.

Mtengenezee chanja. Nguzo za miti zenye kimo cha kiuno, fito juu yake, na wavu mkuukuu wa dagaa umetandikwa ukakazwa. Upepo unapita juu na chini, kwa hiyo dagaa wanakauka haraka kuliko chini, kuku na mbwa hawapandi, na mvua ikinyesha ghafla unakunja wavu na mzigo wote ndani badala ya kukusanya kwa ufagio pamoja na kokoto. Awaoshe kwa maji safi kabla ya kuanika, atandaze safu moja tu. Msimu wa mvua, ambapo bei ya dagaa wabichi inashuka mwaloni kwa sababu kila mtu anaogopa kuozewa, mwenye chanja na turubai ndiye anayenunua. Gharama ya chanja moja ni miti na siku mbili za jasho lako. Katika yote niliyokuandikia, kuna uwezekano mkubwa hela ya kwanza kuonekana nyumbani kwako itatoka hapo, mchangani kwenyewe, na si majini. Na iwe hela yake mwenyewe, tafadhali. Nimeona chanja nyingi zikifa siku mume alipochukua mauzo kununulia petroli.

Vizimba nitavipitia haraka. Havijavuta samaki wako. Chakula kinachomwagika huwakusanya sato na samaki wadogo karibu na kizimba, kweli, lakini vizimba vyote ukivikusanya pamoja ni tone kwenye ziwa hili. Malalamiko ya haki ni mengine: kizimba kilichowekwa kwenye ghuba tulivu lenye maji mafupi kinachafua sakafu, na kikiwekwa penye mazalia kinamfukuza sato anayechimba kiota pale. Hilo mlipeleke kwa afisa uvuvi. Kama unafikiria kuwa na cha kwako, mikopo ya masharti nafuu ya serikali imekuwepo kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, ila ujue chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama, unalisha miezi kadhaa kabla ya kuona shilingi, na usiku mmoja wa maji yasiyo na hewa unaweza kuamka huna kitu. Kwa kikundi chenye akiba, sawa. Kwa mtu mmoja mwenye deni, bado.

Usiku huo wa maji yasiyo na hewa ndio unaonileta kwa wale sangara waliokuwa wanaelea. Hukuniambia kama upepo ulivuma siku moja mbili kabla. Nadhani ulivuma. Upepo mkali ukisukuma maji ya juu upande mmoja, yale ya chini yasiyo na hewa yanapanda upande wa pili, na sangara aliyekuwa pale hana pa kukimbilia. Dalili zake: wanaokufa kwanza ni wakubwa, kwa sababu mwili mkubwa unahitaji hewa nyingi, inatokea alfajiri, eneo ni pana, maji yamebadilika rangi au yananuka. Sumu ya watu ina sura nyingine: inakuwa karibu na ufukwe au mdomo wa mto, inaua wadogo na wakubwa kwa pamoja, sato na furu humohumo, na mara nyingine utakuta ndege nao wamekufa. Maelezo yako yanaelekea kwenye hewa, lakini kwa barua siwezi kuapa, na wewe usiapize wenzako. Kwa hali zote mbili samaki wa kuelea haliwi na hauzwi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa ziwa hili lote, nchi zote tatu, kwa hofu ya sumu, na aliyeumia Mwanza hakuwa yule aliyetia sumu. Ikitokea tena, piga picha, chukua samaki mmoja au wawili waliokufa karibuni uwaweke kwenye barafu, umpigie afisa uvuvi siku hiyohiyo. Kesho yake hakuna kinachopimika. Na kama kuna aliyekula wale wa mwezi uliopita akaharisha au akatapika, aende kituo cha afya aseme alikula nini, asione haya.

Afisa uvuvi wa kata yako mwone pia kuhusu zile nyavu kabla ya kununua nyingine. Ana kipimo, na ni heri akute wewe umemfuata. Ukishakuwa na daftari la miezi miwili, njoo nalo kwenye kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza uombe kuonana na wataalamu wa sangara. Wana rekodi za ziwa za miaka mingi, watakuonyesha sehemu zako unazotega zikoje ukizilinganisha na nyingine. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hukai tena foleni ya kivuko, unaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo. Njoo na kipande kimoja cha nyavu yako, na umlete mama watoto na konzi mbili za dagaa wake, zile za mchangani na zile za chanja, kila moja kwenye mfuko wake.